Tai wa Juu, Mbweha wa Chini

Mafuta ya kuwashia makaa yana harufu mbaya, sibishani na mtu. Yananuka kama karakana. Lakini kila mwaka joto la Texas likianza, majirani wakitoa majiko yao uani na kuyamiminia mafuta hayo, mimi huacha ninachokifanya, nikafungua dirisha na kusimama hapo kama mwehu. Mume wangu amechoka kuuliza. Anadhani nataka nyama. Nyama naipenda, sikatai, lakini harufu ile hunipeleka Lewisville, kwenye apatimenti za matofali mekundu kando ya barabara kuu, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa na miaka tisa na nikikaa kila alasiri nikimngoja tai aunguze kiota chake.

Ngojeni, nitawaeleza. Msiniharakishe.

Tulikuwa watatu: baba, mama na mimi. Tulitoka Mombasa nikiwa mdogo. Baba aliendesha teksi uwanja wa ndege, mama aliwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee huko Carrollton, na mimi nilikuwa na ufunguo shingoni. Basi la shule likinishusha, nilifungua mlango, nikaufunga tena kama nilivyoagizwa, nikakaa. Nyumba iliyofungwa madirisha kwa ajili ya kiyoyozi ina ukimya wake. Watoto wa jirani walicheza nje kwa Kispaniola, nami Kiingereza changu chenyewe kilikuwa bado kinajikwaa, sembuse hicho. Nilizungumza na friji. Msicheke. Friji ile ilikuwa ikikohoa, na mtu akikohoa unamwambia pole.

Kelele pekee ya binadamu ilitoka juu ya dari. Huko aliishi Bi Zuhura, Mzanzibari, mke wa dereva wa malori ya masafa, na watoto wake wawili wadogo. Alitangulia kuja Marekani kabla yetu, na Kiingereza chake hakikumwogopa mtu. Mama, ambaye kazini alikuwa akiitikia kwa kichwa tu, akifika kwa Bi Zuhura alizungumza mpaka sauti ikakauka. Walikuwa mashoga, wa kufa na kuzikana. Mama akitaka kumwita alipiga dari kwa mpini wa ufagio, na Bi Zuhura akajibu kwa kisigino. Sahani zilipanda na kushuka ngazi, na kwa kuwa kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, sijui hata nani alimpikia nani. Nawakumbuka wamekaa mlangoni petu, miguu nje, vichwa ndani kwenye baridi ya kiyoyozi, wakichambua mchele na watu kwa pamoja.

Kisha akaja Shangazi Rukia.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba. Mama yao alifariki baba akiwa mdogo, na Shangazi ndiye aliyemlea. Baba alimwita dada, lakini sauti aliyoitumia ilikuwa ya kumwitia mama. Mumewe alipofariki, Shangazi akabahatika na ile bahati nasibu ya visa, baba akafurahi kama mtoto. Akaja na wanawe watatu, Salma na wadogo zake wawili wa kiume. Alikuja kwa wiki chache, mpaka apate pa kushika. Mwaka ukapita akiwa bado anapatafuta.

Mimi ningependa asipapate milele. Salma alikuwa rika langu. Tulilala kitanda kimoja, mzungu wa nne, miguu yake puani mwangu na yangu puani mwake, na tulipigana mateke mpaka mmoja alie au wote wawili tucheke. Tuliokota kokoto kwenye maegesho ya magari tukacheza mdako mbele ya mlango mpaka vidole vikachubuka. Alinisimulia Mombasa nisiyoikumbuka: nani alimkimbia nani, mwalimu gani wa chuo cha Kurani alikuwa na fimbo yenye jina. Nilipofungua mlango alasiri sikuwa tena na haja ya kuufunga haraka, kwani nyuma yangu kulikuwa na mtu anayenisukuma aingie kwanza. Nilifurahi, jamani. Siwezi kulisema vingine. Nilikuwa na mtu.

Ya mama na Shangazi sikuyaona, au niliyaona nikayapita. Shangazi alipanga upya makabati ya jikoni, mama akirudi kazini anatafuta mwiko nyumbani kwake. Shangazi alionja mchuzi wa mama mbele ya baba, akaguna, akaongeza chumvi. Alimwita "mtoto wa watu" kwa sauti ambayo ukiisikia kutoka mbali ungedhani ni upendo. "Muacheni mtoto wa watu apumzike, nitapika mwenyewe, mimi nimezoea taabu," na baba anatabasamu, na mama anasimama na viatu vyake vya kazi mkononi. Mara nyingine nilichungulia dirishani nikamwona mama kakaa ndani ya gari lake, injini imezimwa, anaangalia ukuta. Nilidhani anasikiliza redio.

Hakusema neno. Na angesema nini? Tuna msemo wetu kuwa mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini nionyesheni mwanamke aliyewahi kumpa jembe wifi yake, tena wifi aliyemlea mume. Angesema tu, ingekuwa yeye ndiye aliyemtoa wifi yake nje na watoto mayatima. Pale ndoa ingebakia jina.

Sasa, mwaka huohuo mwalimu wetu alitusomea hadithi za wanyama za Wagiriki wa kale. Hadithi nyingine zilinipita sikioni, lakini moja ilinikaa. Tai na mbweha waliapiana urafiki, wakaamua kukaa pamoja. Tai akajenga kiota juu ya mti, mbweha akazaa chini kwenye kichaka. Siku moja mbweha alipokwenda kutafuta chakula, tai aliyekuwa na njaa akateremka, akawachukua watoto wa mbweha, akala na makinda yake. Mbweha akarudi, akakuta kichaka kitupu. Angefanya nini? Hana mbawa. Akakaa chini ya mti akalaani. Siku zikapita, watu wakawa wanachoma mbuzi wa kafara shambani, tai akapora kipande cha nyama akakipeleka kwenye kiota, asione kuwa kimeng'ang'aniwa na kaa la moto. Upepo ukavuma, kiota kikawaka, makinda yakaanguka chini kabla ya kuota mbawa. Na mbweha akayala mbele ya macho ya mama yao.

Nilimsimulia Salma kitandani. Akainua kidole kuelekeza dari, ambako mtoto wa Bi Zuhura alikuwa akikimbia.

"Huyo juu ndiye tai," akasema. "Sisi ni watoto wa mbweha."

Tukacheka mpaka tukajifunika mito. Kesho yake kila kisigino kilichogonga dari tulipiga kelele tukaingia chini ya meza. Mama akauliza kuna nini, Salma akamweleza, na mama akacheka, kicheko chake cha kweli, ambacho siku hizo kilikuwa adimu. "Bi Zuhura hawezi kuwala nyinyi," akasema, "hamna hata mafuta."

Hazikupita siku nyingi, Jumamosi asubuhi, mlango ukagongwa. Alikuwa meneja wa apatimenti, mwanamke mrefu mwenye funguo tele kiunoni. Aliongea na baba palepale mlangoni. Nyumba imekodishwa na watu watatu, akasema, na wamemwambia humu wanalala saba. Wale wasiomo katika mkataba waondoke mwisho wa mwezi, la sivyo tuondoke sote. Baba akajaribu kueleza kwamba huyu ni dada yake. Meneja akasikitika kwa uso, akaondoka na funguo zake.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kochi. Aliuliza kwa upole, na Shangazi akiwa mpole mtu hutafuta pa kujificha:

"Nani katuchongea?"

Kisha akakumbuka mwenyewe. Juzi, alipokuwa akitoka na nguo kwenye chumba cha mashine za kufulia, alimwona Bi Zuhura anatoka ofisini. Akamwambia baba. Baba akapanda ngazi. Akarudi na Bi Zuhura nyuma yake, mtoto mdogo kiunoni, kanga begani. Bi Zuhura hakuingia. Nyumba aliyokuwa akiingia bila hodi, siku ile alisimama kizingitini.

"Shemeji," baba akaanza, anaona haya, "huenda si kweli, lakini tumesikia maneno. Eti ni wewe uliyekwenda ofisini?"

Nilikuwa nyuma ya kochi na Salma. Nilimwona vizuri. Alimtazama baba, hakumtazama mama aliyesimama jikoni na mwiko mkononi.

"Ni mimi," akasema. "Watoto wenu wanapiga kelele mno. Mume wangu akirudi safari hapati usingizi. Nilikwenda mwenyewe kwa miguu yangu."

Nilisikia harufu ya wali kuungua, na mama hakusogea. Mama yangu, ambaye hajaunguza wali maisha yake, akauacha ukaungua wote.

Shangazi akainuka. Akafunua viganja vyake kama mtu anayeomba dua. "Umenitoa mimi na mayatima wangu," akasema. "Mungu naye akutoe na wako. Ulivyokivunja kiota changu, naomba kwa Mola chako kiwake moto."

"Haya, bibi," Bi Zuhura akajibu. Akampandisha mtoto vizuri kiunoni, akaenda zake.

Kiota! Mnaona? Shangazi hakuwahi kuisikia hadithi ile. Nilimshika Salma mkono na sote tulijua: tai ameteremka, na sasa mbweha amelaani. Kilichobaki ni moto.

Baba akatangaza kuwa tangu siku ile mguu wa mtu wa nyumba yake usipande ngazi ile. Mama akaitikia, "Ndiyo, baba Maryamu," akaanza kukwangua sufuria.

Shangazi alikuwa na jamaa Houston, wakaja kuwachukua na gari kubwa. Nilifikiri Salma atalia, nami nilijiandaa kulia naye. Hakulia. Alikuwa amekasirika, na kwa kuwa aliyekuwa karibu ni mimi, akanikasirikia mimi. Akaingia garini akakaa upande usio wangu, akageuza uso. Nilikimbia kuzunguka gari ili anione, lakini likawa limeshaanza kurudi nyuma, baba akanivuta. Houston ni mwendo wa saa nne kwa gari. Siku ile ingekuwa mwezini ingekuwa sawasawa. Usiku nililala na kitanda kizima, lakini nilijibana upande wangu, na upande wa miguuni kukawa baridi.

Basi nikarudi kwenye ufunguo wangu na friji yangu. Mwanzoni tulizungumza kwa simu, Salma na mimi, wakubwa wakimaliza yao. Kisha akapata marafiki, akaanza kunijibu kwa Kiingereza, maneno mafupi mafupi. Kisha akawa hayuko karibu na simu. Nilikuwa nikikaa kibarazani na kokoto zetu, nikirusha kwa mkono mmoja na kudaka kwa mwingine, na hata ukishinda mwenyewe unamwambia nani?

Ndipo nilipoanza kungoja. Mume wa Bi Zuhura akirudi safari alipenda mishkaki, na hakutaka ya tanuri. Alitaka ya makaa. Sheria ya pale ilikataza moto kwenye roshani, kwani zilikuwa za mbao tupu, lakini mwambieni Mzanzibari ale mishkaki ya umeme. Waliwasha jiko pembeni, nyuma ya mkeka walioutundika ili meneja asione. Mafuta yakamiminwa, harufu ikashuka mpaka kwetu, kisha moshi, kisha cheche zikapenya kwenye mianya ya mbao, zikazimikia miguuni pangu. Nilikaa pale chini nimeshika magoti, nimeinua kichwa. Watu wazima hawakujua mwisho wa mambo haya. Mimi niliujua, nilisomewa darasani.

Siku mojawapo katika siku hizo nilimkuta mama sebuleni peke yake. Ameinua ufagio, mpini umegusa dari, na ametulia hivyo, hapigi. Akaniona, akaushusha. Nilidhani anatoa utando wa buibui.

Moto ukaja alasiri ya sikukuu, Idi ndogo. Nilikuwa kibarazani na nguo zangu mpya. Nilisikia Bi Zuhura akipiga ukelele, nikainua macho, na ule mkeka ulikuwa unawaka kutoka chini kwenda juu, haraka, kama karatasi. Kisha ukingo wa roshani. Baba na mama wakatoka mbio. Ngazi zikatetemeka, Bi Zuhura akateremka miguu mitupu, mtoto mmoja kamshika mkono na mwingine kamkumbatia, masizi usoni. Mumewe alibaki juu akimwaga ndoo za maji na kuita jina la Mungu. Watu wote wa apatimenti wakajaa kwenye majani, wazimamoto nao wakaja na ving'ora vyao, ingawa walipofika palikuwa na moshi tu.

Nikamtazama mama. Makinda yameanguka.

Mama alivuka majani kama mtu anayekimbilia basi. Akamchukua yule mdogo mikononi mwa Bi Zuhura bila kuuliza, akavua leso yake mpya ya sikukuu, akamfunika, akamfuta masizi, akamtikisa mpaka akanyamaza. Wakasimama, yeye na Bi Zuhura, bega kwa bega, wote wanatazama juu. Hawakusema kitu. Wallahi hawakusema. Baba akakohoa, kikohozi kile cha makusudi. Mama akamrudisha mtoto na leso yake, akaingia ndani.

Nilimkasirikia mama kupita kiasi. Niliona hajui hadithi. Mbweha gani huyu anayemfunika kinda la tai kwa leso ya sikukuu?

Meneja akawapa notisi kwa ajili ya lile jiko. Wakahamia Ohio. Nilifurahi siku waliyopakia vitu, nisiwafiche, nilifurahi mpaka jioni. Kesho yake niliporudi shuleni nikakaa, nikasikiliza, na juu ya dari hapakuwa hata na kisigino. Hapo nikalia, na sikujua nalilia nini.

Miaka ikaenda. Nikawa na miaka kumi na tisa, tumehama Lewisville tunakaa Plano, na baba alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka mmoja kabla. Mama akapata nafasi ya kwenda Hija. Kwetu mtu hatoki kwenda Hija na kinyongo cha mtu mgongoni, humzungukia kila aliyekaa naye akamwomba radhi. Mama akaanza. Akawaomba wanawake wa msikitini, akamwomba muuza nyama, akamwomba hata msimamizi wake kazini, Mmarekani wa watu, ambaye alishtuka akamwuliza kama anaacha kazi. Siku moja nikamsikia ananiita.

"Nipeleke Houston kwa wifi yangu."

"Si um-call tu, mama?"

"Hili si la simu."

Nikaendesha. Njia nzima alivuta tasbihi, hata tuliposimama Corsicana kutia mafuta hakutaka chai. Mama asiyetaka chai ni mgonjwa au ana jambo.

Shangazi alikuwa amezeeka kuliko sauti yake ya kwenye simu. Salma alitoka chumbani na sare ya hospitali alikofanyia kazi. Tulikumbatiana, tukaulizana habari za masomo na za kazi kama wageni wawili waliowekwa meza moja harusini. Nilitamani kumwambia kitu, nikakosa hata pa kuanzia. Tukakaa. Mama akakataa kiti, akakaa kwenye zulia mbele ya wifi yake.

"Wifi," akasema, "kule Lewisville, aliyekwenda ofisini kusema mko wengi ni mimi."

Shangazi akaguna tu.

"Sikuwa na Kiingereza. Nilimwomba Zuhura anisemee, akaja akanifasiria. Alitangulia kutoka yeye, nami nilipomfuata nikashikwa na hofu. Nikamwambia, akijua mume wangu, nimeachika. Zuhura akasema, wakiuliza, sema ni mimi. Mimi si ndugu yao, wakinichukia hainipunguzii kitu." Mama akafuta uso kwa ncha ya buibui. "Nilikuwa nimechoka, wifi. Nilikuwa sina hata pa kukaa nikalia. Nilikuwa nalia kwenye gari. Nakuomba radhi, na ukininyima ni haki yako."

Mnajua nilifikiri nini? Sikufikiri habari ya Shangazi hata kidogo. Nilifikiri: Salma. Ulinichukulia Salma. Nilimtazama mama yangu aliyekaa chini kama mtoto anayengoja kuchapwa, nikamkasirikia. Kisha nikaliona lile gari, injini imezimwa, na yeye ndani anaangalia ukuta, na hasira ikakosa pa kukaa.

Salma akamshika Shangazi bega.

"Mimi nimekusamehe," akasema mwishowe. "Nilikuwa mkali, najua. Mwenye nyumba ni mwenye nyumba." Halafu akafunua viganja vyake, akavitazama. "Lakini yule mwanamke nimemlaani. Si siku ile tu. Kila sala, mwaka mzima. Nikasikia moto umewaka, nikamshukuru Mungu. Nilimshukuru Mungu kwa moto wa watoto wa mtu asiye na kosa! Laana zile nizifuate wapi sasa?"

Salma akachukua simu. Wazanzibari, mkimpata mmoja mmewapata wote. Alimpigia mmoja wa hapo Houston, akapewa mwingine wa Minnesota, na kabla ya alasiri tukawa na namba ya Ohio. Tukaweka simu juu ya zulia, katikati yetu, kwa sauti ya wazi.

Shangazi akatangulia. Akajieleza, akalia, akaomba radhi kwa laana zake. Bi Zuhura akacheka, kicheko kilekile kilichokuwa kikishuka ngazi. "Dada, laana gani? Moto ule ulikuwa ujinga wa mume wangu. Nimekusamehe, nawe unisamehe. Tulia."

Kisha mama akasogea. Alitaja jina lake.

"Shoga," mama akasema, "nakwenda Hija. Nakuomba radhi."

"Radhi ya nini?" Sauti ya Bi Zuhura haikuwa na kicheko sasa. "Ya ofisini? Ile tulikubaliana. Nilisema mwenyewe. Waliponitukana sikuumia hata chembe, maana nilijua wewe unajua."

Mama akaitikia kwa kichwa, kana kwamba anaonekana.

"Lakini hatukukubaliana uache kunisalimia. Nilikuwa nakuona kutoka roshani. Unashuka garini, unapita chini yangu, umeinamisha kichwa. Nikasema moyoni, mumewe yupo ndani, anaogopa. Sawa. Lakini na siku mumeo hayupo? Siku huendi kazini, yeye yuko kwenye teksi, mwanao yuko shule, wakubwa ni sisi wawili tu katika jengo zima. Hata siku hizo, shoga. Hata siku hizo."

Bi Zuhura akangoja. Kisha akashusha pumzi, akasema amemsamehe, duniani na akhera, aende akahiji salama, na amwombee huko. Akaaga. Simu ikakatika, na mama akabaki ameishika kwa mikono miwili, hataki kuiweka chini.

Katika hadithi ile ya Wagiriki kosa linatendeka mara moja, tai anateremka, basi, na kila mtu anajua lilikuwa siku gani. Nami miaka yote nilijua siku ya usaliti wetu: Jumamosi, wali unaungua. Kumbe pale kizingitini palikuwa na mtu anayetimiza kiapo. Usaliti ulikuja baadaye, mchana, nikiwa shuleni, kila siku kidogo, na aliyeutenda ni mama, ukamuumiza mwenyewe kuliko alivyodhani. Mimi Salma nilinyang'anywa. Mama shoga yake alikuwapo, mwendo wa ngazi moja, akamwogopa mtu ambaye hata hayuko nyumbani.

Nilikuwa nikidhani mpweke wa nyumba ile ni mimi. Niliteremka kwenye kochi, nikakaa naye kwenye zulia, na kwa mara ya kwanza nilimwonea mama huruma kuliko nilivyowahi kujionea mwenyewe.